Kaisari, Kaiser, Tsar, keisari: ni neno moja? Mbona wengine wana K na wengine TS?

Mfasiri_wa_Zamu:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaofuatilia historia ya maneno.

Biblia yetu ina Kaisari. Wajerumani walikuwa na Kaiser, ambaye utawala wake ulifika hadi Tanganyika. Warusi walikuwa na Tsar. Waholanzi wana keizer, Wafini keisari, Wapolandi cesarz, Wahungaria császár. Vitabu vya shule vinasema yote yametoka kwa Julius Caesar, kisha vinanyamaza. Yananitatiza mambo matatu.

La kwanza, Kifaransa, Kihispania na Kiitalia ni watoto wa Kilatini, lakini hao ndio hawakulitumia neno hili kwa mtawala wao mkuu. Wanasema empereur, emperador, imperatore. Inakuwaje watoto wa nyumbani waliache neno, majirani walichukue?

La pili, K ya Kijerumani, TS ya Kirusi na S ya Waingereza wanapotamka Caesar zimetokana na nini?

La tatu ni la kazi: ninapofasiri habari za Urusi, Bulgaria au Austria, niandike Kaisari, Tsar au Mfalme?

---

Bi_Sarufi:

Anza na sauti, ndugu yangu. Mambo ya vyeo yatakuja yenyewe.

Enzi za Julius Caesar, herufi C ya Kilatini ilikuwa k popote ilipokaa, na AE zilikuwa irabu mbili zilizotamkwa kwa mkupuo mmoja, karibu kabisa na "ai" yetu. Wagiriki walilisikia hivyo wakaandika Kaisar. Kwa hiyo anayesema "Kaisari" leo pale Tanga au Bukavu yuko karibu na matamshi ya mwenye jina kuliko Mwingereza anayesema "Siza".

Baadaye Kilatini cha mitaani kiligeuka. AE ikawa e tu, na k iliyofuatwa na e au i ikaanza kusogea mbele mdomoni. Safari hiyo sisi tunaijua vizuri: ki + angu hatusemi "kiangu", tunasema changu, ki + ombo ni chombo. Kufikia karne ya 5 BK hivi, badiliko hilo lilikuwa limeenea sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi. Waitalia wakaishia kwenye "ch" (Cesare, soma Chezare), Wafaransa wakasonga hadi "s" (César), na Waingereza wakaipata s yao kwa Wafaransa. Sehemu iliyogoma ni Sardinia: Mwitalia anasema "chento" kwa mia moja, ila katikati na kaskazini mwa kisiwa hicho bado ni kentu.

Sasa kipimo chenyewe. Kijerumani kina matabaka mawili ya maneno ya Kilatini yaliyoanza na ce au ci. Tabaka la chini lina K: Keller (chumba cha akiba chini ya nyumba, kutoka cellarium), Kiste (sanduku, kutoka cista), Kirsche (tunda la cheri). Tabaka la juu lina Z inayosomeka "ts": Zelle (chumba cha mtawa, kutoka cella), Zins (kodi, baadaye riba, kutoka census). Keller na Zelle ni wa ukoo mmoja kabisa. Tofauti ni kwamba Keller liliingia pamoja na askari na wachuuzi wa Kirumi, k ikiwa bado k. Zelle likaja na watawa, wakati k imeshasogea. Kaiser liko upande wa Keller.

Ukitaka kuhakikisha, pima irabu pia. "Ai" ya kale ya jamii hii ya lugha ilibaki ei upande wa Kijerumani, lakini kwenye Kiingereza cha kale ilinyooka ikawa a ndefu. Jiwe ni Stein kwa Wajerumani, stān kwa Waingereza wa kale. Sasa tazama neno letu: keisar kwa Kijerumani cha kale, cāsere kwa Kiingereza cha kale. Zinalingana kama funguo na kufuli lake. Maana yake neno lilikuwa limeshaingia likiwa na "ai" kamili kabla irabu hiyo haijabadilika kule Uingereza, na ndiyo maana wataalamu huliweka miongoni mwa maneno ya Kilatini yaliyotangulia kabisa kuingia katika lugha za Kijerumani.

Wengi hujikwaa kwa kulinganisha maumbo ya leo tu. Waingereza wa leo wana neno "kaiser", lakini huyo si mjukuu wa cāsere. Cāsere lilifutika, na "emperor" la Kifaransa likakaa mahali pake. Lingeishi, lingekuwa na o, kama stān lilivyozaa stone. Keisari la Kifini nalo linadanganya: ukiona K na "ei" unadhani ni la zamani sana, kumbe Wafini walilipata kwa Waswidi, wanaosema kejsare. Neno lao la kale hasa ni kuningas, yaani mfalme, na mwisho wake wa -as ni masalia ya mwisho ambao Wajerumani wenyewe walishaupoteza.

---

Mpekuzi_wa_Nyaraka:

Nashukuru Bi Sarufi kwa sauti. Mimi nichukue swali la kwanza la mleta mada, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya shule vinaporuka.

Caesar lilikuwa jina la familia, si cheo. Gaius Julius Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, na wosia wake ukamfanya Octavianus mtoto wa kupanga. Kijana, ambaye baadaye aliitwa Augustus, akarithi jina. Warithi waliofuata walikuwa ndugu zake kwa damu au kwa kupangwa, nao wakalitumia, hadi Nero alipojiua mwaka 68 BK na ukoo ukakatika. Aliyechukua kiti, Galba, hakuwa na undugu wowote nao, ila alijiita Caesar. Siku hiyo jina la familia limekuwa jina la kiti.

Kisha likaanza kushuka ngazi, na hili ndilo jibu la swali lako. Mwaka 136 Hadrian alimpanga Lucius kuwa mrithi, na Lucius akaitwa Caesar wakati Hadrian mwenyewe ndiye Augustus. Mwaka 293 Diocletian akauweka utaratibu wazi: wakubwa wawili walioitwa Augustus, na chini yao wasaidizi wawili, Galerius na Constantius, walioitwa Caesar. Tangu hapo, ndani ya dola, kumwita mtawala mkuu "Caesar" ilikuwa kumpunguzia cheo.

Neno lililobaki kwa mkubwa mwenyewe ni imperator. Asili yake ni kamanda, mtu ambaye askari walimshangilia kwa jina hilo baada ya ushindi. Ndilo lililorithiwa na watoto wa Kilatini. Kifaransa empereur kimetoka kwenye umbo imperatorem, lile la mtendwa wa sentensi, kama ilivyo kwa nomino nyingi za Kifaransa. Waromania wana împărat. Wawelisi wana ymerawdwr. Waalbania wamelisaga mpaka likawa mbret, na kwao lina maana ya mfalme wa kawaida tu. Ukilitazama hudhani lina uhusiano na imperator mpaka uione ile mb ambayo ni mabaki ya mp.

Wajerumani ng'ambo ya mto Rhine walikuwa wameshachukua neno lao mapema, wakati kila mtawala wa Roma alikuwa Caesar. Mabadiliko ya mwaka 293 hayakuwahusu. Neno likishaingia lugha ya watu halirudi kwa mwenyewe kuuliza limepandishwa au limeshushwa.

Na kugeuza jina la mtu kuwa cheo si ajabu ya Caesar peke yake. Waslavi walimpata jirani mwenye nguvu aitwaye Karl, yule Charlemagne aliyefariki mwaka 814, na jina lake likawa neno la "mfalme": král kwa Wacheki, król kwa Wapolandi, korol kwa Warusi. Wahungaria wakalichukua kwa Waslavi likawa király, na Waturuki wana kral. Kwa wenzetu waliosoma madrasa, mfano uko karibu zaidi: Kisra na Kaisari hutajwa pamoja katika hadithi, na Kisra naye ni jina la mtu, Khosrow wa Uajemi, lililogeuka cheo. Kwa hiyo katika jozi hiyo pande zote mbili ni majina ya watu.

---

Njia_ya_Volga:

Upande wa Waslavi niuchukue mimi, maana TS ya mleta mada iko huku.

Umbo la kale lililoandikwa ni cěsarĭ, c ikisomeka "ts". Lugha za Waslavi zilikuwa na badiliko lao wenyewe: k ikifuatwa na irabu ě iliyotokana na "ai" inageuka ts. Ushahidi ni neno la bei. Walituania, ambao lugha yao haikupita njia hiyo, wanasema kaina. Waslavi wanasema cena, soma "tsena". Kaina ikawa tsena, na kaisar ikawa tsesar, kwa kanuni ile ile. Kwa hiyo TS ya Waslavi haina uhusiano na "ch" ya Waitalia wala "s" ya Wafaransa. Ni safari nyingine kabisa iliyoanzia kwenye k ile ile, na inathibitisha kwamba neno liliwafikia likiwa na K na "ai". Wengi wanaona lilipitia kwa Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani, ambao katika Biblia yao ya karne ya 4, iliyofasiriwa na Wulfila, waliandika kaisar.

Mwisho wa neno nao una habari yake. Waslavi walikuwa na kiambishi -arĭ cha mtenda kazi, kama rybarĭ, mvuvi, kutoka ryba, samaki. Wakaisikia -ar ya Kaisar wakaiona ni kiambishi chao. Ni kama sisi tulivyolipokea kitāb la Kiarabu, tukaona "ki" mwanzoni, tukaunda vitabu.

Kisha cěsarĭ likafupishwa likawa tsar. Vyeo vinavyotajwa kila siku huchakaa mdomoni, kama "mwenye enzi" ilivyokuwa Mwenyezi. Waandishi wa miswada ya kanisa nao walikuwa na desturi ya kuyafupisha maneno ya heshima kwa kuacha herufi za kati na kuweka mstari juu, na neno hili lilikuwa mojawapo.

Maana ndiyo inayowapoteza watafsiri. Neno tsar kwa Waslavi lilitumika kufasiri basileus la Kigiriki, na basileus katika Biblia ni Daudi na Sulemani na pia ni mtawala wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya Mashariki. Ndiyo maana Konstantinopoli waliuita Tsargrad, mji wa tsar, na ndiyo maana Warusi walimwita tsar hata khani wa Watatari. Ni mtawala asiye na bwana juu yake, awe mkubwa au mdogo.

Tazameni jinsi hesabu ilivyopishana. Mwaka 705 Justinian wa Pili alimpa Tervel wa Bulgaria cheo cha kaisar, nacho Konstantinopoli kilikuwa cheo cha pili kwa ukubwa. Mwaka 913 Simeon wa Bulgaria akadai cha kwanza, basileus, ambacho kwa lugha ya watu wake ni tsar. Kwa hiyo Caesar aliyeingia kwa mlango wa Kigiriki alikuwa msaidizi, na Caesar aliyeingia kwa mlango wa Kislavi alikuwa mkubwa wa wote. Kule Konstantinopoli kaisar aliendelea kuteremka: Alexios Komnenos aliposhika madaraka mwaka 1081 alibuni cheo kipya, sebastokrator, akampa kaka yake Isaac, kikakaa juu ya kaisar.

Stefan Dušan wa Serbia alitawazwa tsar mwaka 1346 mjini Skopje, Ivan wa Nne wa Moscow mwaka 1547.

Sasa kitu kimoja kwa karibu: kamusi ya Kirusi ina Caesar mara tano.

Tsar ni lile la kale lililofupishwa. Tsesar ni lile lile lililorudishwa urefu, likitumiwa na maofisa wa Moscow kwa mtawala wa Wajerumani, na ndani yake likatoka tsesarevich, cheo cha mrithi wa kiti kilichowekwa kisheria na Paul wa Kwanza mwaka 1797. (Tsarevich ni mtoto yeyote wa kiume wa tsar. Vitabu vingi huyachanganya haya mawili.) Kesar limetoka kwa Wagiriki wa baadaye, ambao "ai" yao ilishakuwa e; ndilo la Injili, pale pa kumlipa Kaisari yaliyo yake. Tsezar, yenye z, ni Julius mwenyewe, kwa matamshi ya Kilatini cha shule za Ulaya ya kati. Na kaizer ni Wilhelm wa Ujerumani. Mtu mmoja, milango mitano, na kila mlango umeacha alama kwenye konsonanti ya kwanza na irabu inayofuata.

---

Mfasiri_wa_Zamu:

Hapo kwenye tano nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nimekutana pia na maelezo kwamba tsar ni neno la Babeli, eti ndiyo maana kuna Nebukadreza na Belshaza. Lina ukweli wowote?

---

Njia_ya_Volga:

Halina. Liliwahi kuandikwa hata na watu wenye elimu kubwa kule Urusi, kwa sababu Biblia yao ina Valtasar na Navukhodonosor, na mwisho wa majina hayo unafanana na tsar. Ukiyafungua majina yenyewe, kinachoonekana kule mwisho ni kitenzi uṣur, "linda". Belshaza ni Bel-sharra-uṣur, yaani "Bel, mlinde mfalme". Nebukadreza ni "Nabu, mlinde mrithi wangu". Mfalme kwa Kibabeli ni sharru, ambalo kwa Belshaza limekaa katikati. Tena umbo la kale cěsarĭ lipo kwenye miswada. Ukitaka kulileta kutoka Babeli lazima ueleze ile silabi ya ziada ilitoka wapi, na haielezeki.

---

Sarafu_na_Muhuri:

Niongeze kwa upande wa sarafu, kwa sababu sarafu ndiyo iliyolifikisha neno hili kwa watu ambao hawakuwahi kusoma Kilatini.

Dinari ya Tiberius, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ndiyo iliyoletwa mbele ya Yesu alipoulizwa habari za kodi, ina maandishi haya kuzunguka kichwa: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Usomaji wake: TI ni Tiberius, DIVI AVG F ni "mwana wa Augustus aliyetukuzwa kuwa mungu", na V ni u, kwa sababu Warumi hawakuwa na herufi mbili tofauti za u na v. Jina lililoandikwa kwa ukamilifu mwanzoni ni CAESAR. Askari msaidizi kutoka ng'ambo ya Rhine akilipwa mshahara, hilo ndilo neno analoliona na kulisikia.

Sasa njooni kwenye pwani yetu. Rupia ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya fedha, gramu 11.66 kama rupia ya India, ina picha ya Wilhelm mwenye kofia ya chuma na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Watu hushangaa: kwa Kijerumani ni Kaiser, mbona sarafu haikuandika CAESAR? Jibu limeshatolewa na Mpekuzi hapo juu. Ukiandika Kilatini, mtawala mkuu ni imperator, na Caesar ni msaidizi. Tangu Papa Leo wa Tatu alipomvika taji Charlemagne siku ya Krismasi ya mwaka 800, watawala waliovaa taji hilo walikuwa imperator kwenye muhuri na Kaiser mdomoni mwa watu wao, hadi Franz wa Pili alipovua taji hilo tarehe 6 Agosti 1806. Wilhelm alifuata desturi hiyo.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya Waingereza, yenye simba upande wa pili, ina GEORGIVS V REX ET IND:IMP: na hapo wengi hukosea mara mbili. V ya kati ya jina ni u, V iliyosimama peke yake ni tano. Na IND:IMP: ni kifupi cha Indiae Imperator, mtawala mkuu wa India. Sarafu za George wa Sita za kabla ya 1948 zina maneno hayo. Baada ya hapo yakaondolewa, India ikiwa imeshajitawala, ikabaki GEORGIVS SEXTVS REX.

Kabla ya hizo, rupia za India zilizozunguka Zanzibar na Mombasa zilikuwa za Victoria. Za mwanzo zina VICTORIA QUEEN, na kuanzia 1877 zina VICTORIA EMPRESS, kwa sababu tarehe 1 Januari mwaka huo alitangazwa Delhi kuwa mtawala mkuu wa India. Kwa Wahindi cheo hicho kilitangazwa kuwa Kaisar-i-Hind. Caesar amefika huko kwa mlango wa Kiajemi na Kiarabu, na ameanza na K.

---

Mama_Wodi:

Mbona hakuna aliyegusa upasuaji wa uzazi? Si Julius Caesar ndiye aliyezaliwa kwa kupasuliwa, ndiyo ikapewa jina lake?

---

Bi_Sarufi:

Mama, hilo linasemwa sana ila halisimami. Mama yake, Aurelia, aliishi hadi mwaka 54 KK, mwanawe akiwa mtu mzima anapigana Gallia. Enzi zile upasuaji huo ulifanywa mama akiwa amefariki au yuko katika kukata roho, kumwokoa mtoto.

Chanzo cha mkanganyiko ni kitenzi caedere, kukata, ambacho umbo lake la kutendwa ni caesus. Pliny Mzee aliandika kwamba Caesar wa kwanza wa ukoo aliitwa hivyo kwa kuwa alikatwa kutoka tumboni, naye hakuwa akimsema Julius. Hata Warumi wenyewe walikuwa na maelezo mengine: wapo waliosema ni nywele nyingi (caesaries), wapo waliosema ni rangi ya macho, na wapo waliosema ni neno la Wamauri wa Afrika Kaskazini kwa tembo.

Kinachonivutia mimi kwenye mada hii ni tafsiri. Madaktari waliandika sectio caesarea kwa Kilatini, na Wajerumani wakalifasiri kama vile linamhusu mtawala: Kaiserschnitt, mkato wa Kaiser. Waholanzi keizersnede, Wadenmaki kejsersnit, Wafini keisarinleikkaus. Warusi wakatumia kesar, lile la mlango wa Kigiriki. Kwa hiyo ukiliona neno hili kwenye orodha ya maneno yaliyokopwa, litoe. Limefasiriwa kipande kwa kipande, halikusafiri kwa sauti, na halikuambii chochote kuhusu lini Caesar aliingia lugha hiyo.

---

Mpwani_wa_Kati:

Nimalizie swali la tatu la mleta mada, na kidogo juu ya Kiswahili.

Kiarabu kina qayṣar, lenye qaf na ile s nzito. Kiswahili hakitofautishi hizo na k na s za kawaida, kwa hiyo kwa sauti tu, Kaisari wa msikitini na Kaisari wa kanisani wanakutana kwenye umbo moja. Kaizari, yenye z, inafuata sikio la Wajerumani, ambao s yao katikati ya irabu husikika z. Nyerere katika tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1969 aliandika Juliasi Kaizari. Maumbo yote mawili yanajulikana. Shika moja kwenye makala nzima, usichanganye.

Kwa kazi yako ningefanya hivi:

Roma hadi 293: Kaisari. Baada ya hapo angalia maandishi ya asili. Kama imeandikwa Augustus, andika Augusto. Kama ni Caesar, andika Kaisari na uongeze "msaidizi" mara ya kwanza, vinginevyo mwanafunzi atadhani kulikuwa na wakubwa wanne sawa.

Austria 1804 hadi 1918 na Ujerumani 1871 hadi 1918: Kaisari. Kwa Austria jihadhari na herufi k.u.k. baada ya 1867. Ni "ya Kikaisari na ya Kifalme", kwa sababu mtu yule yule alikuwa Kaisari Vienna na mfalme Budapest. Ukifasiri zote mbili kuwa "ya kifalme" umeua maana yake.

Urusi hapa ndipo pagumu. Kuanzia 1547 hadi 1721 ni Tsar. Mwaka 1721 Tsar Peter Mkuu alitwaa cheo cha imperator kwa Kilatini kile kile, kwa sababu Ulaya ilibishana kama tsar ni sawa na mfalme au ni sawa na Kaiser. Mwaka 1718 alikuwa ameshachapisha barua ya mwaka 1514 ambamo Maximilian wa Kwanza, mtawala wa Wajerumani, alimwita Vasily wa Tatu wa Moscow "Kayser", iwe hoja yake. Wapolandi hawakukubali cheo kipya hadi 1764. Kwa hiyo kwenye nyaraka rasmi za baada ya 1721 andika Kaisari, na kwenye maneno ya watu wa kawaida, ambao hawakuacha kusema tsar, acha Tsar. Utakutana pia na cheo kirefu ambacho ndani yake mtu huyo huyo ni imperator wa Urusi yote halafu "tsar wa Kazan, tsar wa Astrakhan, tsar wa Siberia". Hapo tsar ni mfalme wa nchi iliyotekwa, cheo cha chini ya kile cha kwanza. Usikifasiri Kaisari wa Kazan.

Bulgaria ndiyo inayowaangusha wengi. Ferdinand alijitangaza tsar mwaka 1908, na cheo hicho kiliendelea hadi 1946. Kwenye nyaraka za Kifaransa na Kiingereza za wakati huo aliandikwa "mfalme wa Wabulgaria", na ndivyo alivyohesabiwa na wenzake. Andika Tsar ukinukuu Kibulgaria, au Mfalme ukieleza. Kaisari hapana.

---

Mfasiri_wa_Zamu:

Shukrani kwenu nyote. Swali dogo la mwisho: tahajia ya "czar" kwenye vitabu vya Kiingereza, ile cz imetoka Poland?

---

Njia_ya_Volga:

Inafanana na ya Kipolandi ila siyo. Kwa Kipolandi cz ni "ch", na tsar wao wanaandika car. Tahajia ya czar ilienezwa na kitabu cha Kilatini cha Sigismund von Herberstein, balozi wa Austria aliyekwenda Moscow, kilichochapishwa mwaka 1549. Waliokisoma wakainakili. Kwa Kiswahili isiandikwe kabisa, maana msomaji wetu hana namna ya kuisoma. Tsar inatosha, na t yake isikike.